Tungule za Makina na Jua la Nairobi



Ndugu msomaji, leo nina deni la kulipa mbele yako. Mwaka jana, mwezi wa Julai, nilikwenda Nairobi kwa shughuli ya arusi, nikafikia Makina, Kibera, nyumbani kwa mke wa marehemu binamu yangu. Ni mjane mwenye watoto wanne, na riziki yake hutoka katika meza ya mboga iliyo mbele ya nyumba: sukuma wiki, vitunguu, dania na tungule, ambazo watu wa bara huziita nyanya. (Mpwani akisikia nyanya humkumbuka bibi yake, Nairobi huulizwa ataka za shilingi ngapi.)

Jioni moja nilimkuta akichambua tungule za kreti aliyoinunua Marikiti siku tatu nyuma. Mzigo wa Loitokitok au wa Mwea husafiri usiku katika kreti za mbao, za chini zikibeba uzito wa za juu, basi ukifika sokoni sehemu yake imekwisha kupondeka. Tungule zikiadimika, hata zilizopondeka hupata mnunuzi. Zikifurika, kama wiki ile, hazina mwenyewe. Alikuwa akizigawa mafungu matatu: za kuuza kesho, za kupunguza bei, na za kutupa. Fungu la tatu lilikuwa kubwa kuliko la pili.

"Maalim," aliniambia bila kuinua kichwa, "hii unayoiona hapa chini ndiyo faida yangu ya wiki."

Hapo ndipo niliposema neno nililokuja kulijutia. Nilimwambia kwamba sisi pwani hatutupi kitu kilichozidi. Papa hufanywa ng'onda, ndimu huanikwa kwa achari, na mwenye jua hana haja ya friji. Zikate, nikamwambia, zitie chumvi, uzianike juu ya paa siku tatu. Kesho yake nikapanda treni kurudi Mombasa, nimeridhika na nafsi yangu. Yule mama aliniamini kwa sababu ya kilemba changu, si kwa sababu aliwahi kuniona nikikausha tungule. Na kwa kuwa bei ilikuwa imeanguka, alinunua nusu kreti zaidi kwa nia ya kuianika yote.

Siku ya tano simu ikalia. Tungule zilikuwa zimeota ukungu, mweupe na mweusi, na zile zilizolala moja kwa moja juu ya bati zilikuwa zimebadilika rangi. Zote zilikwenda jaani, na mtaji wa nusu kreti ukaenda nazo.

Mafakihi wameeleza kwamba mtu ajitiaye utabibu, ilhali hajulikani kwa utabibu, hudhamini alichokiharibu. Mimi sikumtibu mtu, lakini jambo lile halikunitoka moyoni. Nilimtumia thamani ya nusu kreti kwa M-Pesa, akairudisha. Nikaituma tena kwa simu ya mwanawe mkubwa, ikakaa. Likabaki deni la pili, nalo ni kujifunza kwanza kile nilichokwisha kukifundisha. Kila mtoto wa chuoni anakijua kisa cha Nabii Yusufu na miaka saba ya njaa: yeye hakuwaambia watu waweke akiba tu, aliwaeleza pia kwamba nafaka iachwe katika masuke yake. Mimi nilisema "weka" nikaacha kusema "vipi".

Nilirudi Makina mwezi wa Januari. Jirani wa yule mama ni bibi kizee wa Kinubi, kizazi cha wale askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles na kupewa makazi mahali pale mwanzoni mwa karne ya 20, wakapaita Kibra, yaani msitu. Sudan ni nchi ya ukame, na watu wake ni mafundi wa kukausha: bamia hukatwa, hukaushwa, kisha husagwa ikawa unga uitwao weika, wa kupikia mchuzi mwaka mzima. Yule bibi aliposimuliwa habari yangu aliuliza swali moja tu: "Nani aanikaye kitu Nairobi mwezi wa Julai?"

Ndilo jibu lenyewe. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Tangu Juni hadi Agosti mbingu hufunga mawingu, baridi hukaa, na kuna siku jua halionekani hadi alasiri. Tungule nayo, katika kila sehemu 100 za uzito wake, 94 au 95 ni maji. Maji hayo yasipotoka upesi, ukungu hutangulia.

Tena nilipotafakari niliona kwamba hata hoja yangu ya pwani ilikuwa na ila. Hewa ya Mombasa ni nzito kwa unyevu. Ng'onda haikaushwi na jua peke yake. Hukaushwa na chumvi nyingi inayofyonza maji ya samaki, na upepo wa bahari usiotulia. Sisi tuliolelewa humo tumelisifu jua tukaisahau chumvi. Januari na Februari, miezi ambayo huku kwetu huvuma kaskazi, hewa ya Nairobi huwa kavu kuliko yetu, na mtu wa Kibera aweza kukausha tungule kwa chumvi kidogo mno. Kumbe tatizo halikuwa mahali. Lilikuwa mwezi, na mshauri.

Kosa la pili lilikuwa bati. Mabati ya kuezekea hupakwa zinki, na tungule ina ukali wa asidi ambao, ukichanganyika na chumvi, huila zinki ile na kuiingiza katika chakula. Sizungumzii vumbi, kutu, na vinyesi vya ndege. Chakula hakilazwi juu ya bati, wala juu ya gunia lililowahi kubeba mbolea, hata likioshwa mara saba.

Basi tulianza upya, safari hii mimi nikiwa mwanafunzi. Tulichagua tungule za umbo la yai, zenye nyama nene na maji machache, ambazo wakulima huzijua kwa majina ya Rio Grande na Cal J. Iliyopondeka upande mmoja hukatwa upande huo ikatumika. Iliyooza, inayonuka au yenye ukungu haiokolewi, kwa kuwa ukungu hupenya ndani kuliko unavyoonekana juu. Nia ya kuokoa mali isitufikishe mahali pa kuwalisha watoto uozo. Zilioshwa kwa maji safi (Kibera maji hununuliwa kwa mtungi, kwa hiyo hata hayo ni gharama ya kuhesabiwa), zikafutwa, zikapasuliwa kwa urefu. Mbegu na maji yake tulivikomba kwa kijiko tukavitia katika mchuzi wa jioni ile. Kisha kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila kilo, zikalazwa kifudifudi juu ya chujio kwa nusu saa zichuruzike. Chumvi isizidi hapo, kwani tungule ikinywea chumvi yote hubaki ndani ya kipande kidogo, na wenye shinikizo la damu wamo katika kila nyumba.

Kitanda cha kuanikia kilikuwa fremu ya mbao iliyowambwa wavu wa nailoni, ikainuliwa juu ya matofali ili upepo upite chini na juu. Vipande vililazwa chali, pasi na kugusana. Kwa kuzuia nzi na vumbi tulifunika kwa shashi. Hapa yule mama alileta chandarua cha zamani, nikashukuru kwamba safari hii niliuliza kwanza: vyandarua vingi vya siku hizi hutiwa dawa ya kuua mbu, havifai kufunika chakula. Kabla ya magharibi fremu iliingizwa ndani isinywe umande, na asubuhi ilitolewa baada ya umande kukauka. Vipande viligeuzwa kila siku. Siku ya sita vilikuwa kama ngozi laini: vyapindika bila kuvunjika, havinati vidoleni, na ukikikamua kipande hakitoi hata tone.

Si kila mtu ana paa la kuliamini. Huko Kawangware, karibu na Barabara ya Naivasha, yuko kijana seremala aliyesoma chuoni kwangu zamani, naye nyumba yake imebanwa pande zote. Amejitengenezea sanduku. Chini ni mbao iliyopakwa rangi nyeusi, nje tu. Ndani ni trei ya wavu. Juu ni nailoni angavu iliyoinamishwa kidogo. Upande wa chini ana matundu ya kuingiza hewa, na upande wa juu nyuma ana matundu ya kuitolea, yote yamezibwa kwa wavu. Hewa ikipashwa moto hupanda, hubeba unyevu, hutoka. Bila matundu ya juu, tungule hupikwa katika mvuke wake zenyewe, na ndivyo sanduku lake la kwanza lilivyofanya. Tena hulielekeza sanduku kulifuata jua: Januari jua la Nairobi hukaa upande wa kusini, na Julai hukaa kaskazini. Hakufundishwa hilo na mtu. Alilisoma katika kivuli cha ukuta wa jirani.

Hata kwa sanduku, yeye haanzi kukausha mbingu zikiwa nzito. Masika yakiingia hupika tungule zilizozidi zikawa rojo zito, na hulila ndani ya siku chache. Wako wanaofanya haraka, wakaziweka tungule chumbani pamoja na jiko la makaa na kufunga mlango usiku kucha. Nakuomba kwa jina la Allah, usifanye hivyo. Hewa ya makaa haina harufu, nayo imewaua watu usingizini, na hakuna tungule yenye thamani hiyo.

Sasa hesabu, maana wengi wataniuliza kama ni biashara. Kilo 10 za tungule hutoa kati ya nusu kilo na robo tatu ya zilizokauka. Yule mama alipoona rundo lile limeingia katika kopo moja alicheka hadi akakaa chini. Kwa maoni yangu, mtu wa Makina au Kawangware asinunue tungule kwa ajili ya kukausha. Akaushe zile ambazo kesho angezitupa. Kuuza madukani kwa pakiti kunataka alama ya ubora ya KEBS na mengine mengi. Faida aliyoipata yeye ni nyingine kabisa: zamani alipikia wanawe tungule nzuri kutoka mezani kwake, sasa hupikia zilizokauka, na zile nzuri zote huzipata wateja. Kiganja kimoja, kikirowekwa nusu saa katika maji ya vuguvugu, chatosha sufuria ya maharagwe, na maji yale hayamwagwi.

Kuhifadhi nako kuna adabu yake. Vipande viache vipoe, vitie katika kopo la kioo kavu hadi theluthi mbili, na ulitikise kila siku kwa muda wa wiki moja. Ukiona ukungu wa maji ndani ya kioo, virudishe juani siku hiyo hiyo. Baada ya hapo hukaa gizani, mahali pakavu, miezi sita na zaidi. Ukiuona ukungu wenyewe, tupa kopo zima wala usikwangue. Hatujasahau mwaka 2004 huko Ukambani, ambapo mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yalifanya sumu ya aflatoksini, wakafa watu 125. Sumu ile haionekani wala haiondoki kwa kupikwa.

Nitaongeza neno juu ya mafuta, kwa sababu nimeona picha nzuri zikisambazwa. Wataliano huzihifadhi tungule kavu ndani ya mafuta ya zeituni. Asiye na friji asiige. Chini ya mafuta hamna hewa, na viko vijidudu vinavyostawi pasipo hewa, vikatoa sumu inayopoozesha mwili. Kuongeza kitunguu saumu kibichi humo ni kuongeza hatari. Kopo kavu latosha.

Nilipoondoka Nairobi nilipewa kopo dogo la kuwapelekea wa nyumbani. Mke wangu alilipikia mchuzi wa papa, watoto wakauliza ladha ile imetoka wapi. Kifuniko hakikurudishwa vizuri usiku ule. Baada ya siku tatu vipande vilikuwa vimelainika kwa hewa ya bahari, vyanata kama tende. Nikampigia simu yule mama wa Makina nimwulize la kufanya.

"Viko vyeupe popote, Maalim?"

Nikamwambia la, nimevikagua kimoja kimoja.

"Basi vitandaze leo hii penye upepo. Na sasa kwenu ni mwezi gani wa kuanika?"