Mahindi ya Rweya na Kiu ya Wiki Mbili

Bukoba mjini hunyesha takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mlalamikie mkulima wa Dodoma kwamba mahindi yako huko yamekosa maji, atakucheka. Lakini Bukoba na Muleba shamba laweza kutoa magunzi yenye mapengo hata mwaka ambao jumla ya mvua haikupungua.

Tatizo huanzia kwenye kalenda. Mahindi machanga huvumilia kiu: majani hujikunja mchana, jioni yakakunjuka. Yakishatoa mbelewele, uvumilivu huo huisha. Mmea wenye kiu huchelewa kutoa ndevu, ilhali chavua haisubiri. Hudondoka siku chache ikaisha. Kila uzi wa ndevu ni wa punje moja, na uzi uliokosa chavua huacha pengo. Wiki mbili za jua kali wakati huo huweza kufuta sehemu kubwa ya mavuno. Mvua ikija baadaye hujaza punje zilizokwisha kushika, haiongezi nyingine.

Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mahali tulipoyapeleka mahindi. Kwa vizazi vingi Wahaya, wenyeji wa Kagera, walikata nyasi za rweya, yaani uwanda wa nyasi nje ya kijiji, wakazitandaza kibanjani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, na ng'ombe aliyechungwa rweya akaacha samadi yake kwenye migomba. Kibanja kilinona; rweya ikabaki na udongo mwepesi, wenye tindikali, usioshika maji. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera katikati ya muongo wa 2000, kaya zilizopoteza ndizi ziliegemea mahindi, mihogo na viazi. Ardhi ya kupanulia ilikuwa rweya hiyo hiyo tuliyoinyonya. Hapo mvua ya Jumatatu haifiki Ijumaa.

Wapo wasemao: Ziwa Victoria si hilo hapo, tumwagilie! Tupige hesabu. Mahindi yanayochanua hutumia kama milimita 5 za maji kwa siku. Kwa ekari moja hizo ni lita 20,000, yaani mapipa 100, kila siku, tena yapandishwe kutoka ziwani hadi mlimani. Mwenye ekari mbili atauza gunia kwa bei gani arudishe gharama ya dizeli? Bonde la mto Ngono ni habari nyingine. Huko umwagiliaji una mantiki, ingawa ningeanza na mpunga na mboga.

Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/2023 ina faida yake, ila mbolea ya dukani haiufanyi udongo ushike maji. Samadi na matandazo hufanya hivyo, na Mhaya hahitaji semina kulijua hilo. Amelifanya kibanjani tangu enzi za mababu. Halmashauri za Bukoba na Muleba ziwatume maafisa ugani wakaihimize kazi hiyo rweya, na mbegu za muda mfupi zifike kwa wakulima kabla ya mvua za vuli, mwezi Agosti. Pasipo samadi wala matandazo, rweya ipandwe mihogo.