Ahadi ni Deni, Hata kwa Tajiri

Ni jambo lisilopingika kwamba ahadi ni deni, na deni la mwenye duka kubwa halina budi kulipwa kama la mchuuzi. Kampuni ya Walmart ya Marekani iliahidi kupunguza gesi za kaboni zitokazo katika shughuli zake yenyewe, zikilinganishwa na za mwaka 2015, kwa asilimia 35 ifikapo 2025 na asilimia 65 ifikapo 2030, na kuzikomesha kabisa ifikapo 2040. Lakini Desemba 2024 ilikiri kuwa huenda isiyafikie malengo mawili ya kwanza, ikitaja matatizo ya majokofu, malori makubwa na nishati.

Februari ya mwaka huo huo kampuni hiyo ilikuwa imetangaza kwamba mpango wake na wanaoiuzia bidhaa, ulioanzishwa 2017, umetimiza lengo la tani bilioni moja miaka 6 kabla ya wakati. Je, mambo haya mawili yapatanaje? Tani "zilizoepushwa" hupimwa kwa kuzilinganisha na gesi ambazo zingalitoka kama hatua zisingalichukuliwa. Hazithibitishi kuwa jumla imepungua. Mwalimu hampi mwanafunzi alama kwa makosa ambayo hakuyafanya.

Kukiri ni uungwana, nako kwastahili pongezi. Hata hivyo, anga haisomi taarifa za makampuni. Hapana budi sheria zidai hesabu moja, inayokaguliwa na watu wa nje, maana nyani haoni kundule.