Makanisa Madogo ya Mbao Kilosa na Mikumi: Urithi Usiolindwa na Umri Wake
Na Mwandishi Wetu

Tangu treni ya umeme ya Reli ya Kisasa (SGR) ianze safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, Wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro imekuwa karibu zaidi na wageni. Kusini mwa wilaya, mji wa Mikumi umezoea kuwapokea watalii wa Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Wengi wao huja kuwaona wanyamapori. Historia ya watu wa maeneo hayo haijapewa uzito unaolingana nayo, na sehemu ya historia hiyo imo katika majengo madogo ya ibada yaliyosimamishwa kwa miti na mbao.

Kilosa ilikuwa njia kuu ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa kati ya pwani na maziwa makuu. Mamboya, kwenye milima ya kaskazini mwa wilaya, ni miongoni mwa vituo sita vya njia hiyo ambavyo Tanzania iliviwasilisha UNESCO mwaka 2006 katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, pamoja na Bagamoyo, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society walifungua kituo hapo yapata mwaka 1880. Baada ya vituo kama hicho, imani ilisambaa vijijini kupitia vigango na mitaa, na kwa kawaida nyumba ya kwanza ya ibada ilijengwa na waumini wenyewe kwa vifaa vilivyopatikana jirani: nguzo, fito, udongo na kenchi za mbao.

Je, sheria inayalinda majengo hayo? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayahesabu moja kwa moja kuwa kumbukumbu majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Misheni ya Bagamoyo, iliyo kongwe kuliko zote Tanzania Bara, ilianza mwaka 1868. Kwa hiyo makanisa ya kimisheni ya Bara hayapati ulinzi huo kwa umri pekee. Sheria hiyohiyo inampa Waziri mwenye dhamana mamlaka ya kutangaza, kupitia Gazeti la Serikali, jengo lolote lenye umuhimu wa kihistoria. Mlango upo wazi, lakini jengo lisiloandikwa popote haliwezi kupendekezwa.

Lipo pia suala la mali ghafi. Maeneo ya kiutamaduni ya Tanzania yaliyomo katika Urithi wa Dunia, yaani Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, Mji Mkongwe wa Zanzibar na michoro ya miambani ya Kondoa, yote yamedumu kwa nguvu ya mawe. Mbao ina maadui wengine: mchwa, unyevu na, katika bonde la Mto Mkondoa, mafuriko kama yale yaliyoikumba Kilosa mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010.

Hata hivyo, mbao si lazima iwe ya muda mfupi. Kanisa la mbao la Urnes nchini Norway limesimama tangu karne ya 12. Makanisa yaliyolitangulia huko yalioza kwa sababu nguzo zake zilichimbiwa ardhini. Mafundi wakajifunza kuinua jengo juu ya msingi wa mawe. Somo hilo linaeleweka Kilosa, ambako fundi seremala anajua kuwa nguzo huanza kuliwa pale inapogusana na udongo, na kwamba mninga hustahimili mchwa kuliko mbao laini. Jengo la mbao huishi kwa kukarabatiwa, kipande kwa kipande.

Si haki kuwalaumu waumini wanaobomoa kanisa dogo ili kujenga kubwa la matofali na mabati. Idadi yao inaongezeka, na kanisa ni mahali pa ibada kabla ya kuwa makumbusho. Hasara hutokea pale jengo linapoondoka bila kupimwa, kupigwa picha wala kuandikiwa historia yake na wazee waliolijenga.

Sera ya Malikale ya mwaka 2008 inatambua nafasi ya jamii katika kuhifadhi. Utekelezaji wake Kilosa unaweza kuanza kwa gharama ndogo: Halmashauri ya Wilaya, Maofisa Utamaduni na viongozi wa madhehebu kuorodhesha majengo ya ibada ya zamani, kisha Idara ya Mambo ya Kale kushauri ni yapi yanastahili kutangazwa. Pale kiwanja kinaporuhusu, kanisa jipya lijengwe kando ya la zamani, nalo la zamani libaki kuwa darasa la watoto au chumba cha kumbukumbu. Orodha hiyo inapaswa kutangulia nyundo, kwa kuwa mchwa hausubiri tangazo la Serikali.