Mbwa wa Dunguni na Mtoto wa Nyumbani

Mpunga unapoanza kutoa masuke katika mabonde ya Rufiji na Kibiti, kaya nyingi huhamia shambani. Bibi, wazazi na watoto hulala katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, ili kuyalinda mazao dhidi ya nguruwe mwitu. Chini yake hulala mbwa, naye ndiye wa kwanza kusikia majani yakitikisika. Ulinzi huo si mchezo. Kati ya 2002 na 2004, Kibiti ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji, simba waliua watu zaidi ya 30 katika eneo hilo.

Mtumishi wa afya aliyehamishiwa huko kutoka mjini huweza kumwona mbwa huyo kuwa chanzo cha maradhi tu. Mtazamo huo ni nusu ya ukweli. Mbwa wa dunguni hula makombo ya familia na huandamana na watoto mtoni. Mzee ambaye wanawe wote wamekwenda Dar es Salaam huenda akalitaja jina la mbwa wake mara nyingi kwa siku kuliko la jirani yeyote. Kiumbe kinachomngoja mtu humpa sababu ya kuamka, kupika na kutembea. Daktari anayemuuliza mgonjwa wa shinikizo la damu anaishi na nani, asilicheke jibu hilo.

Wapo watakaosema kwamba mbwa ni najisi. Ni kweli kwamba madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Hata hivyo, kufuga mbwa wa kulinda shamba kumeruhusiwa, na aliyesoma chuoni anamjua mbwa wa Watu wa Pangoni, aliyenyoosha miguu yake kizingitini. Tena desturi ya kuosha mate ya mbwa inakaribiana na agizo la tiba: jeraha la kung'atwa lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, kwa muda wa dakika 15.

Hapo ndipo mapenzi yanapoingia katika suala la kichaa cha mbwa. Virusi vyake hupita katika mate, huingia jerahani na kufuata neva hadi kwenye ubongo. Dalili zikishajitokeza, kupona ni nadra mno. Inakadiriwa kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, na takribani 4 kati ya kila 10 ni watoto walio chini ya miaka 15.

Mtoto wa Salale au Mbwera aliyeng'atwa na mbwa wa kwao, ikiwa amesikia kwamba mbwa mkali hupigwa marungu, ataficha jeraha ili kumwokoa rafiki yake. Tishio la kuua humnyamazisha shahidi ambaye tiba inamhitaji. Wala kuua mbwa ovyo hakuzuii ugonjwa: waliochanjwa hufa pamoja na wasiochanjwa, na nafasi zao hushikwa na vitoto visivyo na kinga. Kinachozuia ni kuwachanja angalau mbwa 70 katika kila 100, vitoto vikiwemo, na kurudia kila mwaka. Kazi hiyo hufanikiwa pale mtoto anapomfunga mbwa wake kamba na kumpeleka mwenyewe kwa afisa mifugo.

Mwaka 1885 mama mmoja wa Alsace alimfikisha Paris mwanawe Joseph Meister, mwenye umri wa miaka 9, siku mbili baada ya kung'atwa. Alichanjwa kwa chanjo ya Louis Pasteur, na mtoto akanusurika. Mama wa delta leo ana mashua inayongoja maji yajae, na nauli ambayo pengine hana. Asipokelewe kwa karipio la kufuga mbwa.

Aambiwe kwamba chanjo ianze siku hiyohiyo na dozi zote zikamilishwe hata kidonda kikipona. Mtoto naye aambiwe kwamba mbwa aliye mzima hauawi. Atafungwa na kuangaliwa kwa siku 10. Muuguzi aulize jeraha ni la lini, kisha aulize mbwa anaitwa nani. Majibu yote mawili yaandikwe katika faili.