Safari ya Mahenge, na chakula cha nyumbani baadaye

Likizo ikikaribia, wazazi wengi huwaza kuwapeleka watoto mbugani au kwa shangazi mjini. Kwa wakazi wa Lipangalala na mitaa mingine ya Ifakara, ipo safari nyingine ya siku moja. Nyumba tatu au nne zichange nauli, mvuke daraja la Mto Kilombero, mpande hadi Mahenge, na jioni mrudi kula pamoja chakula kilichopikwa nyumbani.

Mahenge ndiko maelfu ya wapiganaji wa Majimaji waliposhambulia boma la Wajerumani, Agosti 30, 1905. Walikuwa wamechoshwa na kodi na kazi ya kulazimishwa, zikiwemo zile za mashamba ya pamba. Waliamini dawa ya maji ingezuia risasi. Haikuzuia, na mamia walianguka mbele ya bunduki za rashasha.

Lakini njaa iliua wengi kuliko risasi. Jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji na mashamba na kuchukua akiba za chakula, kwa makusudi, ili watu wasalimu amri. Makadirio ya waliokufa katika vita hivyo yanaanzia 75,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi.

Ndiyo maana chakula kina nafasi katika safari hii. Mtoto wa miaka minane hawezi kuielewa 300,000, ila chungu kitupu anakielewa. Mkiwa mkekani na wali, samaki wa mtoni na kisamvu, muulize: ghala la bibi likichomwa leo, na mavuno mengine ni mwakani, tutakula nini? Kisha mwacheni bibi au babu aeleze alichosikia kwa wazee wake.

Kiafya, njaa haiishi siku chakula kinapopatikana. Uholanzi, watafiti waliwafuatilia watu waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya mwaka 1944 na 1945, Wajerumani walipozuia chakula kuingia mijini. Walipokuwa watu wazima, kisukari na maradhi ya moyo vilionekana zaidi kwao kuliko kwa wenzao. Njaa ya vita hugusa hata ambaye hajazaliwa.

Mzazi, zingatia haya:

Kwa mtoto aliye chini ya miaka saba, fupisha. Mwambie watu walipigania nchi yao na wakanyimwa chakula. Habari za kunyongwa na maiti zisubiri. Mkubwa mweleze yote, na umjibu kweli anapouliza.

Usimlazimishe mtoto kumaliza sahani kwa kumwambia wenzake walikufa njaa. Utamfundisha kula akiwa ameshiba, na kuwakumbuka marehemu kama fimbo. Mpakulie kidogo, aongeze akitaka.

Wali uliopikwa alfajiri usikae fuguvugu hadi jioni. Vimelea vyake hutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi, na watoto wataharisha na kutapika. Pikeni mkirudi, au waachieni kazi hiyo waliobaki nyumbani. Njiani bebeni ndizi, karanga na maji safi.

Wakitaka kujaribu chakula cha wakati wa njaa, msichimbe mizizi msiyoijua. Hata muhogo mchungu una sumu, na huhitaji kulowekwa na kuanikwa vizuri kabla ya kuliwa. Ugali wa mtama na mlenda vinatosha kwa somo hilo.

Usiku ule, mtoto akiwa kimya kuliko kawaida, kaa naye kabla hajaingia kwenye chandarua. Muulize ni jambo gani limembakia kichwani. Akilia, mwache alie. Mwambie pia kwamba wapo walionusurika, wakalima tena bonde hili, na wengine wao ndio waliowazaa babu na bibi zetu.