Safari ya Ng'ambo Huanzia kwa Balozi wa Nyumba Kumi

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yatangazwapo, shangwe huingia katika nyumba nyingi za Mkoa wa Simiyu, tangu Lamadi kando ya Ziwa mpaka Mwanhuzi kule Meatu. Shangwe ikipoa huja swali: mtoto huyu sasa aende wapi? Siku hizi wako wazazi wa Bariadi, Maswa na Itilima ambao hujibu bila kusita kwamba mtoto wao aende kusoma ng'ambo.

Wapo wanaowacheka wazazi hao. Husema kwamba tunavyo vyuo vikuu vyetu wenyewe, na kwamba aendaye mbali hupotea. Sisi hatukubaliani nao. Vyuo vyetu twajivunia, na vijana wetu walio wengi watasoma humo. Lakini mwaka 1949 Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa Butiama katika mkoa jirani yetu wa Mara, alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alirudi mwaka 1952, na mwaka 1954 akaongoza kuanzishwa kwa TANU. Paul Bomani, ambaye wakulima wa pamba wa Usukuma hawalisahau jina lake, alisomea mambo ya ushirika huko Loughborough, Uingereza, katika miaka ya 1950. Mwaka 1955 wakulima wakapata Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, naye akawa kiongozi wake. Watu hao hawakupotea. Waliteka maji mbali wakayaleta nyumbani.

Basi tukubali kwamba kwenda ni jambo jema. Lakini kutaka kwenda si kuruhusiwa kwenda. Nchi ya watu ni nyumba ya watu, na mwenye nyumba ana haki ya kumwuliza mgeni: wewe ni nani, umeitwa na nani, na utakula nini? Maswali yote ya kibali cha kusoma, hata yakijaza kurasa ishirini, ni hayo matatu.

Tulitazame kwanza hilo la chakula, maana ndilo linalowatisha wengi. Serikali ya Kanada, kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, ilimtaka mwombaji aendaye peke yake, isipokuwa katika jimbo la Quebec, aonyeshe kwamba anazo dola 22,895 za nchi hiyo za kujikimu mwaka mmoja, mbali na ada ya chuo na nauli. Ujerumani nayo, tangu Septemba 2024, iliweka kiasi cha euro 11,904 kwa mwaka, ambazo huwekwa katika akaunti ya benki na mwanafunzi huruhusiwa kuchukua euro 992 tu kila mwezi.

Tuzigeuze dola hizo za Kanada kuwa pamba, kwa kuwa pamba ndiyo fedha tunayoijua. Kwa hesabu ya chini ni shilingi milioni 36. Tuchukue bei ya mfano ya shilingi 1,200 kwa kilo. Hizo ni kilo 30,000 za pamba. Mkulima mwenye ekari tatu, akivuna kilo 300 katika kila ekari, atahitaji zaidi ya miaka 33 ili kuzifikisha, tena bila kula wala kuvaa. Ni dhahiri, basi, kwamba mtoto wa mkulima hawezi kuuvuka ukuta huu kwa jembe la baba yake. Atauvuka kwa ufadhili: ule unaotangazwa na Wizara ya Elimu kwa niaba ya nchi rafiki, ule wa Jumuiya ya Madola ulioanzishwa mwaka 1959, au ule utolewao na vyuo vyenyewe kwa waliofaulu vizuri. Njia ni nyembamba, lakini ipo, na watoto wa maskini wamepita humo.

Jambo linalotusikitisha ni kwamba wako wanaoweza kuuvuka ukuta huo mrefu wa fedha, kisha wakajikwaa kwenye kizingiti kifupi kilicho mlangoni pa nyumba yao wenyewe. Kizingiti hicho ni lile swali la kwanza: wewe ni nani?

Tuseme kwa mfano. Mtoto amezaliwa katika kijiji cha Wilaya ya Bariadi, akapewa jina la babu yake, Ng'wandu. Alipoanza shule, mwalimu mgeni asiyekijua Kisukuma akaandika Mwandu. Alipoandikishwa kwa mtihani, karani akaandika Ngwandu, bila ile alama ya juu. Padre alipombatiza akamwongezea jina la mtakatifu, nalo likatangulia katika kitambulisho cha taifa. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho hata kidogo. Kilikuja kutafutwa alipotimiza miaka kumi na tisa, nacho kikaja na jina la nne. Kijijini watu wote wanajua kwamba huyo ni mtoto mmoja. Lakini karani wa ubalozi hakuzaliwa kijijini kwetu. Yeye aona karatasi nne za watu wanne, naye hana njia ya kumpa kibali mtu asiyejua ni yupi.

Mwalimu mwenyewe alizaliwa akaitwa Kambarage, na jina la Julius alilipata alipobatizwa mwaka 1943. Mtu kuwa na majina mawili ni desturi yetu wala si kosa, na hatusemi mila hiyo iachwe. Twasema tu kwamba majina yote ya mtoto yaandikwe mahali pamoja, kwa herufi zile zile, mapema. Kusahihisha jina baada ya cheti cha mtihani kuchapwa ni kazi ya viapo mbele ya wakili, barua na safari. Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Bariadi, na ufadhili haumngojei mtu. Siku ya mwisho ikipita, mlango hufungwa.

Sasa hapo ndipo anapoingia dalali. Humkuta mzazi amechoka, akamwambia: mzee, uza ng'ombe, mimi nitamaliza kila kitu. Hatusemi kwamba mawakala wote ni waongo. Tume ya Vyuo Vikuu huwatambua mawakala wa kupeleka wanafunzi nje na kuyatangaza majina yao, na asiyekuwamo humo asipewe hata kuku. Lakini hata aliyemo, mzazi asimwachie mtoto wake kama mzigo. Mwaka 2023 ilijulikana huko Kanada kwamba mamia ya wanafunzi kutoka India walihusishwa na barua bandia za kukubaliwa vyuoni walizotayarishiwa na madalali. Wengi wao walilia kwamba hawakujua. Ndipo, tangu tarehe 1 Desemba 2023, nchi hiyo ikaanza kumwuliza kila chuo kama barua ni yake. Kanada humfungia miaka mitano mtu aliyesema uongo katika maombi yake. Uingereza yaweza kumfungia miaka kumi. Hati ya benki ya kughushi hununuliwa kwa siku moja, na hasara yake hulipwa kwa ujana mzima.

Kwa hiyo twataka mambo matatu yatendeke, tena hapa hapa mkoani.

La kwanza, jina lolote la mwanafunzi lisipelekwe Baraza la Mitihani kabla halijalinganishwa na cheti chake cha kuzaliwa, mbele ya mzazi, naye mzazi akatia sahihi au dole gumba. Kazi hiyo haihitaji fedha za wahisani. Inahitaji mwalimu mkuu, meza na siku mbili.

La pili, ofisi za usajili wa vizazi, vitambulisho vya taifa na Uhamiaji zifike pamoja, angalau mara moja kwa mwaka, katika shule za sekondari za kila wilaya: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Mwananchi anayezunguka ofisi tatu kwa siku tatu tofauti amepoteza palizi. Pamoja nao aje afisa elimu, awaeleze vijana habari za ufadhili, na kwamba kabla ya kuondoka yafaa kupata barua ya Tume ya Vyuo Vikuu ya kutokuwa na pingamizi. Mtu asisome miaka minne katika chuo kisichotambulika, akarudi na shahada ambayo haitamfaa kitu.

La tatu linatuhusu sisi wenyewe, na hapa hatutajionea haya. Chama chetu kina balozi katika kila shina, naye anajua nani amezaliwa, nani amekufa na nani amehama. Je, ni mabalozi wangapi wanaomwuliza mama aliyejifungua kama mtoto ameandikishwa? Simiyu imo katika mikoa ambamo watoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa na kupewa cheti bila malipo, katika vituo vya tiba na ofisi za kata. Huduma ipo, kinachokosekana ni mtu wa kumshika mzazi mkono. Balozi anayejua kuhesabu wanachama siku ya uchaguzi hashindwi kuhesabu watoto wasio na vyeti. Tukilaumu balozi za kigeni kwa ukali wao, hali mabalozi wetu wamelala, tutakuwa tunamlaumu jirani kwa moshi wa jikoni kwetu.

Kwa sensa ya mwaka 2022, mkoa huu una watu 2,140,497. Watakaokwenda kusoma ng'ambo ni wachache sana kati yao. Huenda msomaji akauliza kwa nini basi tumejaza safu hii kwa ajili yao. Jibu letu ni kwamba cheti kile kile kinachomfungulia mmoja njia ya Ulaya ndicho kinachomfungulia mwenziwe mkopo wa chuo hapa nchini, ajira, na urithi wa shamba la baba yake. Tukimtengenezea njia huyo mmoja, tumewatengenezea wote.

Na ninyi vijana mtakaopata kibali, kumbukeni kwamba mliandikiwa barua na watu wengi: mkunga, mwalimu, karani wa kata, na mama aliyetunza karatasi ndani ya sanduku mchwa wasiile. Nendeni mkasome. Siku ya kurudi, njia ni ile ile mliyoendea, na balozi wa nyumba kumi atakuwa angali anawangoja.