Jiko la Kichen Pati

Hivi na wewe unacho kitu ndani kimeshachoka, ila kukitoa roho inauma? Changu kilikuwa jiko la gesi la pleti nne, zawadi ya mama yangu kwenye kichen pati yangu. Mwaka haukuisha, mama akatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo kila mume wangu aliposema, "Mama, hili jiko tubadilishe," mimi nilisikia kitu kingine kabisa. Nikanuna.

Swichi moja ikawa haifungi vizuri. Fundi akaja mara tatu, mwisho akasema spea hakuna. Nikajibu basi, tutakuwa tunafunga kwenye mtungi.

Usiku mmoja tukasahau. Saa nane naenda kunywa maji, harufu ikanipokea koridoni. Mkono ukaenda kwenye swichi ya taa. "Usiguse!" Mume wangu alikuwa nyuma yangu. Cheche moja tu ya swichi inatosha kulipua nyumba. Akafunga mtungi gizani, tukafungua madirisha, tukambeba mtoto na kushuka ngazi za ghorofa nne.

Pale chini, kwenye baridi ya Upanga, ndipo akili ikanikaa sawa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, na sakafuni ndiko mwanangu anakochezea. Hata ile harufu huongezwa makusudi ili tushtuke. Gesi yenyewe hainuki.

Jumamosi tukaenda Kariakoo. Tulinunua jiko, mpira na regulata, vyote vipya, maana jiko jipya kwa mpira uliochakaa ni kazi bure. Fundi akapaka sabuni ya maji kwenye maungio yote: ukiona mapovu yanatumba, hapo panavuja. Lile la zamani tukampa wa vyuma chakavu alivunje, asije akalipikia mtu mwingine. Mimi nilibaki na trei ya oveni ya mama. Naoka nayo mpaka leo.

Mume wangu hajawahi kuniambia "si nilikwambia?" Hilo ndilo lililonigusa kuliko jiko lenyewe.

Mpenzi msomaji, mwenzio aking'ang'ania kitu kibadilishwe, muulize anaogopa nini kabla hujanuna. Na wewe unayeng'ang'ania, ukiona mwenzio kanuna kwa ajili ya jiko, muulize jiko lilitoka kwa nani.

Tukutane mwezi ujao.